Sanamu ya Chumba cha Nne

Nyumba ya mizuka ikiwashwa taa haina lolote. Ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi, misumari inachungulia, na ile damu iliyomfanya mtu apige mayowe usiku ni rangi ya dukani iliyokauka vibaya. Mpelelezi Ileana Quiñones alisimama katikati ya chumba cha nne cha "Bucha la Babu" akaitazama damu hiyo ya ukutani, na kusema kweli hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wake ulikuwa na ile ya kwenye kiti. Ilikuwa kidogo tu, duara mahali pa kuegemeza kichwa, na watu wa maabara walikuwa wameshaizungushia chaki.

Nje, bustani ya burudani ya Tarpon Grove ilikuwa ikijiandaa kufungua. Bucha la Babu lilikuwa limefungwa tangu Jumamosi, lakini nyumba nyingine zote za Halloween zilikuwa zinaendelea kama kawaida, na mlangoni tayari watoto wenye vinyago walikuwa wakiwavuta mama zao mikono. Mtu amekufa, watu wanapanga foleni. Ileana alikuwa mtoto wa Kissimmee, hapa hapa Florida, amekulia jirani na bustani hizi, na bado jambo hilo lilimkera.

"Njia ni hii, dada," alisema Brantley Sorrell, msimamizi wa nyumba zote za kutisha. Alinyoosha vidole viwili vilivyobanana kuelekea kona. "Ukipinda pale kulia unaingia chumba cha tano, kwa Nguruwe. Angalia hatua zako, zulia limenyanyuka."

Haskett, polisi kijana mwenye mwili wa tembo aliyekuwa akimfuata Ileana, akacheka kidogo. "Mbona unaonyesha kama askofu anabariki?"

"Mafunzo ya kazi, kijana. Kidole kimoja ni dharau kwa wageni wa nchi nyingine. Miaka kumi na minne sasa. Hata nyumbani mke wangu akiuliza chumvi iko wapi, namwonyesha hivi hivi."

"Na hao wanaocheza mizuka?"

"Hao ni vibarua wa msimu. Wanafundishwa kutisha, basi."

Ileana hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wa dharura uliofichwa nyuma ya pazia jeusi, kwenye ujia mwembamba kati ya chumba cha nne na cha tano. Chuma cha kusukumia kilikuwa kimechubuka rangi, mchubuko mpya uliozunguka kama alama ya pete kidoleni.

"Kuna kitu kilifungwa hapa," alisema.

"Mafundi hao. Wanafunga kila kitu, waya, kamba. Ukiwauliza hawajui."

Alijibu haraka, tena kwa urafiki. Ileana akaliacha.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi, na Sajini Purvis alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ya jioni. Marehemu aliitwa Dewey Overstreet, kijana wa miaka ishirini na sita aliyecheza Nguruwe wa chumba cha tano. Nguruwe alikuwa mmoja ila wachezaji walikuwa wawili, wakipokezana kinyago. Zamu ikifika, mwenzako anakugusa bega gizani, unavua, unamkabidhi, unakwenda kunywa maji. Aliyepokezana na Dewey alikuwa Fritzner Desrosiers, kijana wa Kihaiti kutoka Pine Hills, na Fritzner sasa alikuwa mahabusu. Wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba Dewey anachelewa kumpokea na yeye anapikwa ndani ya kinyago cha mpira. Alhamisi, mbele ya watu wote kantini, alimwambia: "Ukinichelewesha tena nitakuua." Maneno ya kila siku hayo, hata ndugu huambiana. Lakini Jumamosi usiku, baada ya kufunga, mfagiaji alimkuta Dewey amekalishwa kwenye kiti cha chumba cha nne, gunia kichwani, mahali panapokaa sanamu ya mateka. Sanamu yenyewe ilikuwa imetupwa nyuma ya pazia. Kisogo cha Dewey kilikuwa kimepasuka.

Alikuwa amekufa lini? Daktari alikataa kutaja saa. Nyumba ilikuwa na baridi kama friji, alisema, na damu ilivujia ndani ya fuvu polepole. Kilichobaki ni ushahidi wa Sorrell. Dewey alimpokea Fritzner saa mbili. Baadaye Sorrell alipita kwa nyuma akakagua, Nguruwe akampungia mkono. Isitoshe alikuwa na kipande cha video: Nguruwe anaruka, watu wanapiga kelele, saa imeandikwa pembeni, saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo Dewey alikuwa hai mpaka Fritzner aliporudi kutoka kantini, ambako watu kumi walimwona. Baada ya hapo walibaki wawili gizani, na mmoja akatoka.

Video hiyo aliipiga mtu aliyealikwa usiku ule kuja kuzipima nyumba. Ileana alikuwa amempigia simu mwenyewe, akamwambia aje na video yote, si kipande. Hilo Sorrell hakuambiwa.

* * *

Garrick Pell alifika amevaa koti la jinzi lililojaa vibandiko vya matamasha ya Halloween, toka mabegani hadi kwenye vifundo vya mikono, na joto la Florida halikumhusu. Siku za kazi alikuwa mfamasia. Oktoba nzima alikuwa hakimu. Watu wengi mno walisubiri kinywa chake kabla ya kununua tiketi.

"Nimesikia mchezaji amefariki," alisema. "Pole sana. Sijarusha chochote hewani, niliona si adabu. Lakini habari hazijasema ilikuwaje. Alianguka?"

"Tunachunguza," alisema Ileana. Sorrell alikuwa ameitwa mlangoni kupokea simu. "Nipitishe kama ulivyopita. Nambie ulichoona, na alama ulizotoa."

"Hata alama?"

"Hasa hizo."

Basi Garrick akageuka mwalimu. Chumba cha kwanza: harufu nzuri ya nyama iliyooza, alama saba. Cha pili: taa ya kumulika machoni, ujanja wa kizamani, nne. Cha tatu kulikuwa na bibi mwenye shoka, na huyo alimsifia mpaka Haskett akaanza kupiga miayo.

"Unajua kwa nini ni bora? Anatokea nyuma yako. Mchezaji wa kweli anakutisha kwenda mbele, hakutishi kurudi. Ukimrudisha mgeni nyuma anamgonga wa nyuma yake, foleni inaziba, watu wanakanyagana. Hilo ndilo somo la kwanza wanalofundishwa. La pili ni kutogusa. Hawagusi mgeni kamwe, hata unywele. Akigusa, anafukuzwa usiku huo huo."

"Sawa. Chumba cha nne."

Garrick akaingia, akasimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hapa niliwapa kumi. Mimi sitoi kumi ovyo, uliza mtu yeyote." Akakikaribia kiti, Haskett akamzuia kwa mkono. "Sanamu iko wapi? Mmeiondoa?"

Ileana akakitazama kiti. "Ilikuwaje hiyo sanamu?"

"Jamaa ana gunia kichwani, amekaa tu. Kila nyumba ina jamaa kama huyo, sikumjali. Nikapita karibu, vidole vikatikisika. Kidogo tu, kama mtu anaota. Nikarudi kumtazama vizuri, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Nikainama, na unajua nini? Likanishika mkono wa koti." Akaonyesha mkono wake wa kulia. "Likanishika kabisa. Nikacheka mpaka machozi."

"Hukudhani ni mtu?"

"Mtu?" Garrick alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni. "Si nimekwambia? Mchezaji hagusi. Likikugusa, ni mashine. Ndiyo maana nikatoa kumi. Sijaona mashine laini namna ile kokote."

Haskett alifungua mdomo, Ileana akamkazia macho, akaufunga. Sanamu ya kweli ilikuwa chumba cha vielelezo: sponji na nguo kuukuu, mikono imegundishwa kwenye mapaja, nyepesi hata mtoto angeibeba. Haikuwa na mota wala waya.

"Ilikuwa saa ngapi hiyo?"

"Muda ule ule. Saa mbili na robo hivi. Dakika chache baadaye tukafika kwa Nguruwe, na yule, mama, alikuwa hovyo kuliko wote. Ndiyo maana niliwapelekea bustani malalamiko pamoja na video yake. Hawajanijibu mpaka leo."

"Nionyeshe."

Kwenye simu, giza, mwanga mwekundu, mwanamke mwenye sweta ya njano mbele ya Garrick. Nguruwe akachomoka, lakini akachomokea mbele, katikati ya njia, mikono juu, kifua kimewakabili. Watu wakarudi nyuma kwa kishindo. Kipande cha Sorrell kiliishia hapo. Hiki kiliendelea. Mwanamke wa sweta alianguka, mtu akamkanyaga, akalia. Na Nguruwe, badala ya kupotelea gizani kama mzuka mwenye heshima zake, alimshika yule mama kiwiko akamnyanyua, akatanua mkono mmoja kuwazuia watu, na wa pili akauelekeza kulia, kwenye njia ya kutokea. Vidole viwili, vimebanana.

Ileana aliisimamisha picha pale.

Haskett alikuwa akihema kwa pua. Sasa mambo yalikuwa yamepangika yenyewe, na Ileana alitamani yasingepangika hivyo. Dewey alikuwa kitini kabla ya Nguruwe kuruka. Fritzner wakati huo alikuwa kantini, anakula viazi mbele ya macho ya watu kumi. Aliyekuwa ndani ya kinyago hakujua hata somo la kwanza la kazi ile, ila kuongoza wageni alikujua mpaka kwenye mifupa.

"Bwana Pell, nisubiri nje kwenye benchi. Usiondoke, na tafadhali usipige simu kwa mtu."

Alipotoka, Ileana alipiga simu mahabusu, akaomba apewe Fritzner. Sauti ya kijana ilikuwa imekauka.

"Mlango wa dharura karibu na chumba cha tano. Ulikuwaje Jumamosi?"

"Ulikuwa na mnyororo, mama. Na kufuli. Kuna vijana walikuwa wanaingilia pale bila tiketi, bosi akaufunga."

"Bosi gani?"

"Sorrell. Dewey alimwambia moto ukitokea tutaokwa wote humo ndani. Alisema akipuuzwa, Jumatatu anawapigia watu wa zimamoto."

"Mbona hukuyasema haya?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaniuliza nimemuua vipi."

Ileana alimwambia avumilie mpaka jioni.

* * *

Sorrell aliporudi, alimkuta Ileana chumba cha tano ameegemea ukuta, na Haskett anazungukazunguka kama mtu aliyechoka kazi.

"Tumekaribia kumaliza," alisema Ileana. "Nisaidie jambo moja. Simama pale anaposimama Nguruwe, nipime urefu wa njia."

"Bila shaka, dada." Akasimama.

Haskett alianza kuja kutoka chumba cha nne, akajikwaa kwenye zulia lililonyanyuka na kuanguka kwa kishindo kilichotikisa mbao. Hakuwa mwigizaji, lakini uzito wake ulikuwa wa kweli, na kilio chake pia, maana goti lilitua kwenye ubao. Sorrell akaruka. Alimshika kiwiko, mkono wa kushoto ukatanuka kuzuia umati ambao haukuwepo, wa kulia ukaelekea njia ya kutokea.

"Taratibu, bwana, njia ni hii, tafadhali."

Vidole viwili. Mazoea yana taabu. Ileana alimletea simu ya Garrick mbele ya macho na kuiacha ikae hapo. Nguruwe kwenye kioo na Sorrell mbele yake walikuwa wamesimama sawasawa, hata mguu uliotangulia ulikuwa ule ule.

Rangi ilimtoka Sorrell polepole. Aliushusha mkono.

"Kila mfanyakazi hapa anaonyesha hivyo."

"Kila mfanyakazi wa mwaka mzima. Vibarua hawafundishwi, ulituambia mwenyewe. Na wa mwaka mzima aliyedai Nguruwe alimpungia mkono ni wewe peke yako. Malalamiko ya Pell yalikuja kwako na video nzima. Wewe ukatuletea kipande kinachoishia kabla mama hajaanguka."

"Hiyo si..."

"Ufunguo wa mnyororo uko wapi, Brantley?"

Alijipapasa mfukoni bila kujua, kisha akagundua anachofanya, akauacha mkono humo humo. Haskett alikuwa ameshasimama, anachechemea, amemziba njia.

"Nilimsukuma tu," alisema Sorrell mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa anashika ule mnyororo, anapiga kelele, wageni wako upande wa pili wa ubao. Nikamsukuma. Kichwa kikagonga chuma cha mlango. Akalala pale, hakutikisika, nikajua amekufa."

"Ukamkalisha kitini."

"Ujia mwembamba ule, wachezaji wanapita. Ningemweka wapi? Na mtu ilibidi awe Nguruwe. Bila Nguruwe wachezaji wa chumba cha sita wanajua kuna tatizo, wanasimamisha nyumba, wanakuja na tochi." Akajifuta uso. "Foleni ilikuwa dakika tisini, dada. Usingeweza kusimamisha nyumba usiku ule. Nilipanga nirudi kumwondoa, ila mfagiaji akawahi."

"Na Fritzner?"

"Aliponigusa bega gizani nilimkabidhi kinyago, akadhani ni Dewey."

"Hukumpima hata pumzi," alisema Ileana. Hakuuliza. Sorrell aliinua macho akamtazama usoni.

"Alikuwa anapumua," Ileana akamwambia. "Daktari anasema huenda alipumua kwa saa nzima na zaidi. Ungeita tu gari la wagonjwa."

Polisi wawili walimtoa kwa mlango wa nyuma. Ileana akampigia Purvis, akamwambia amtoe Fritzner Desrosiers, na asingoje jioni. Purvis alianza maneno, Ileana akamkatia simu. Furaha aliitafuta moyoni hakuiona. Mamake Dewey alikuwa amekwishamuuliza mara mbili kama mwanawe aliteseka, na mara mbili alimjibu kwamba hajui. Sasa alijua.

Garrick alikuwa bado kwenye benchi, ana glasi ya karatasi ya soda. Mbele yake foleni ya nyumba ya jirani ilikuwa imeanza kujipinda, wasichana wanapigana picha. Alipomwona Ileana na Haskett wanakuja, akasogea kuwapisha.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Mambo haya yakitulia, naomba nimjue aliyetengeneza ile sanamu ya chumba cha nne. Nataka nimhoji. Watu wanastahili kumjua."

Ileana alikaa kando yake.

"Ulipokuwa umeshikwa, ulifanya nini?"

"Nilimbandua. Kidole kimoja kimoja, maana lilikuwa halitaki kuachia." Akacheka. "Nikainama nikamwambia kazi nzuri, rafiki. Utani tu. Iko kwenye video."

"Koti ndilo hili hili?"

"Ndiyo. Silifui, vibandiko vinabanduka."

"Livue, Garrick. Taratibu. Mkono wa kulia usiuguse."

Alianza kulivua huku bado anatabasamu, kama mtu anayengoja kuambiwa mzaha uko wapi. Aliutazama mkono wa koti. Aliitazama nyumba iliyofungwa utepe wa polisi, kisha uso wa Ileana, na Ileana hakuugeuza uso wake pembeni. Aliona kwamba angalau hilo anadaiwa.

"Mchezaji hagusi," alisema Garrick. Soda ilikuwa inammwagikia viatuni. "Wanafukuzwa. Hagusi kamwe."

"Najua."

"Alikuwa ananiita."

"Ndiyo."

Haskett alifungua mfuko wa karatasi wa vielelezo, akausogeza. Garrick alikuwa ameukamata ule mkono wa koti kwa nguvu zote, hatazami mtu. Haskett alimwomba mara moja, akamwomba tena. Mwishowe akapiga goti lake bovu mbele ya benchi, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.